Karanga za Sura ya Mwisho

Shakila alirudi nyumbani saa tano asubuhi, saa ambayo mtoto wa shule harudi nyumbani isipokuwa ana homa au ana barua. Hakuwa na homa.

Lukresia alikuwa barazani, amekaa kwenye kigoda, anakunja karatasi za kufungia karanga. Hakuacha kazi. Alinyoosha mkono mmoja, akapokea bahasha, akaichana kwa meno.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Lukresia alikuwa na diploma ya uhazili. Alipiga taipu miaka kumi na moja katika ofisi moja ya serikali pale Songea mjini, mpaka walipokuja wataalamu wenye mikoba wakasema serikali ina watu wengi mno, naye akawa mmoja wa hao wengi. Kwa hiyo, kabla hajaona barua inasema nini, aliona imepigwa vibaya. Mistari ilikuwa imepinda, na mahali pa kuandika "mlezi" aliyepiga alikuwa ameandika "mlevi".

"'Mlevi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu anatakiwa kufika shuleni siku ya Alhamisi saa tatu kamili,'" alisoma. "Mlevi huyo ni mimi. Haya. Umefanya nini?"

"Wanasema nimenyofoa kurasa."

"Za nini?"

"Za Kisima."

Kisima lilikuwa jina walilokipa wanafunzi, kwa sababu kitabu chenyewe kilikuwa kimepoteza jalada miaka mingi kabla wao hawajaingia kidato cha kwanza. Kilikuwa cha Kiingereza, kimepangwa kwenye mtihani wa kidato cha nne, na shule ilikuwa nacho kimoja kwa wanafunzi arobaini na wawili. Kilipita kwa orodha. Kila mmoja alikaa nacho siku mbili tatu, akanakili alichoweza kwenye daftari lake, akampa anayefuata. Kilihusu mchimba visima, mgeni, anayeshtakiwa kwamba ametia sumu kisima alichokichimba kwa mikono yake mwenyewe, na sababu kubwa ilikuwa kwamba matamshi yake hayakuwa ya pale. Mwalimu Beda aliwasomea kwa sauti. Alipofika sura ya tisa, kamba ya yule mchimbaji inapoletwa mahakamani kuwa ushahidi, darasa zima lililia, pamoja na wavulana wa nyuma ambao Kiingereza hicho hawakukifahamu.

Sasa kurasa ishirini na nne za mwisho hazikuwepo. Zamu iliyokuwa imetoka kwisha ilikuwa ya Shakila.

"Ulinyofoa?"

"Hapana, Mama. Zilikuwa zimeshaachia uzi zenyewe. Kila mtu anajua."

"Ziko wapi?"

"Sijui zilipo sasa."

"Sasa. Na kabla ya sasa zilikuwa wapi?"

"Niliziweka mahali."

"Mahali hapana jina?"

Shakila aliangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na minane, na alipoinamisha kichwa ilikuwa kama mtu anafunga mwavuli. Lukresia alikunja karatasi nyingine, akasokota mkia wake, akauingiza ndani mara mbili.

"Hapa wameandika 'kwa nia ya ushirikina'. Huo ushirikina umetoka wapi?"

"Walipekua begi langu. Wakakuta barua ya bibi."

Bibi yake Shakila alikuwa Tunduru. Hakusoma shule ya serikali, alisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kwa kalamu ya mate, barua nzuri ndefu zenye salamu nusu ukurasa.

"Hukuwasomea?"

"Niliwasomea. Bibi anauliza kama soksi zimetosha. Mwalimu wa nidhamu akasema hirizi yoyote, ukimwachia mwenyewe aisome, itasema soksi."

Lukresia akamwambia Shakila avue sare, akatwange.

*

Shakila aliishi na familia ya Lukresia, pale mtaa wa Mfaranyaki, tangu kidato cha kwanza. Baba yake, Twaha, mkulima wa korosho, alilala hema moja na Egidi, mume wa Lukresia, walipokuwa JKT, na watu waliolala hema moja JKT huombana mambo makubwa bila kuona haya. Kumwita Twaha kwenye kikao cha Alhamisi kusingewezekana. Barabara ya Tunduru ilikuwa kama ilivyokuwa, na barua ingefika baada ya mtoto kufukuzwa, kusahauliwa na kuolewa.

Jioni Rosemary, binti yao, alirudi kutoka shule. Yeye na Shakila walikuwa darasa moja, dawati moja, kitanda kimoja.

"Walipopekua begi la mwenzio ulikuwepo?" aliuliza Lukresia.

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu, Mama."

"Ile barua ya soksi si uliisikia hapa nyumbani ikisomwa? Soksi si ulizivaa wewe kwanza, ukazitanua?"

"Wote walikuwa wananiangalia. Wananiuliza kama usiku silali macho wazi kwa kumwogopa."

"Sura ya tisa, ulilia?"

"Nililia."

"Haya. Kalete maji."

*

Jumatano saa nne Lukresia alipeleka chai shuleni kama kawaida. Ilikuwa Juni, mawingu yamekaa juu ya milima ya Matogoro kama mgonjwa asiyetaka kutoka kitandani, na walimu walikuwa wamejikumbatia kwa baridi. Zabuni ya chai ya walimu ilikuwa yake tangu mwaka uliopita: chai ya maziwa, maandazi, na karanga zilizofungwa kwenye karatasi mfano wa pembe. Familia ilikula kwa zabuni hiyo. Egidi alikuwa fundi seremala, lakini tangu vitanda vya chuma vianze kuingia madukani, watu walimwendea zaidi kumsalimia.

Jikoni alimkuta Notburga, mpishi wa shule, mwanamke wa jumuiya moja ya kanisani naye.

"Mama Rose, pole na ugeni," alisema Notburga.

"Ugeni gani? Mtoto nina mwaka wa nne naye."

"Hata miaka kumi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nakwambia kwa kukupenda. Wale watu wa Tunduru karatasi hawaichezei. Wanasema ukichukua kitabu chenye kesi, ukanyofoa pale penye hukumu, ukaenda kuandikiwa hirizi, hakuna mtihani unaokushinda."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Shakila alikuwa wa kwanza darasani kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kote huko alinyofoa nini?"

Notburga alifikiri. "Ndiyo maana," alisema.

Kwenye chumba cha walimu Mwalimu Beda alichukua karanga pembe mbili na kumvuta Lukresia pembeni. Alikuwa mtu mpole, mwenye sweta lililoliwa na nondo kwenye kiwiko, na alikipenda kitabu kile kuliko watu wengi.

"Nimeumia sana, Mama Rose. Yule ndiye aliyekuwa ananielewa. Hivi unajua insha yake juu ya ubaguzi niliwasomea hata wa kidato cha tatu?"

"Kwa hiyo unajua hakufanya."

"Kujua, siwezi kusema najua." Alitupa karanga kinywani. "Mimi sina ubaguzi. Mimi ndiye ninayewafundisha ubaguzi ni nini. Lakini wenzetu wana mambo yao, lazima tukubali."

"Mambo gani?"

"Mambo," alisema Mwalimu Beda, akakung'uta chumvi kwenye vidole.

Lukresia alitaka kusema neno, ila mkuu wa shule alikuwa anaita karanga zake ofisini, naye mkuu wa shule hakupenda kungoja. Akampelekea. Mkuu huyo, Mwalimu Pankrasi, alikula pembe mbili kila siku, akiwa amesimama dirishani, na karatasi alizitupa kwenye ndoo ya takataka chini ya meza bila kugeuka. Alikuwa na shabaha nzuri.

*

Alasiri, Lukresia alikaa tena barazani. Kapuni ilikuwa imebaki pembe moja isiyouzwa. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Aliifungua, akamimina karanga kiganjani, akala, na macho yake, kwa mazoea ya miaka kumi na moja ya kuhakiki barua za wakubwa, yakatua kwenye karatasi.

Ilikuwa Kiingereza. Karatasi zake alizinunua kwa kilo kutoka maofisini: fomu za pembejeo, mihtasari ya vikao, madaftari yaliyokwisha. Alizirundika kwenye boksi pale barazani. Hii haikuwa fomu. Juu iliandikwa mia moja tisini na saba. Chini, kwenye doa la mafuta, hakimu alikuwa anavua kofia yake. Ukurasa wote ulieleza hiyo kofia, na upande wa pili ilikuwa inanyesha mvua. Hapakuwa na haki wala ujasiri mahali popote. Lukresia alisoma pande zote mbili, kisha akasoma tena.

"Shakila."

Shakila alitoka ndani, akaona karatasi, akasimama.

"Jumapili ulikaa hapa ukisoma," alisema Lukresia.

"Ndiyo, Mama."

"Nikakutuma maji."

"Ndiyo."

"Ukaziweka juu ya boksi langu."

Shakila aliliangalia boksi.

"Na uliporudi?"

"Niliporudi ulikuwa unakunja, Mama. Ulikuwa umebakiza mbili. Nyingine zilishakuwa na karanga."

"Ukaniangalia namaliza hizo mbili?"

"Ulikuwa unasimulia habari za ndoo ya maji inayovuja. Nikaona nisikukatishe."

"Na jana nakuuliza 'mahali hapana jina', nakufokea, umekaa hapo hapo, boksi liko hapo, na kinywa unacho. Kwa nini hukusema?"

Shakila alifikiri namna ya kulisema, kisha akalisema kama lilivyo.

"Nakula kwako, Mama."

Lukresia aliikunja ile karatasi katikati, akaikunjua.

"Nilidhani nitaziandika upya," Shakila aliendelea upesi. "Nilikuwa nimeshasoma mpaka mwisho. Nimeshaandika kurasa sita kwenye daftari. Nilidhani nitazishona mle kabla mtu hajafika huko. Wengi hawafiki sura ya mwisho."

Egidi alirudi wakati huo, mkononi ana msumeno na tumboni ana ulanzi kidogo, wa heshima tu. Alisimuliwa. Alichukua karatasi, akainusa.

"Ni ya kwako hii. Chumvi yako naijua."

"Sijakuuliza chumvi ya nani. Nakuuliza tufanye nini."

"Washa nayo jiko."

"Na mtoto?"

"Mtoto ataenda shule nyingine. Nitazungumza na Twaha, mwanamume mwenzangu atanielewa." Aliangalia chini alipomaliza kusema hivyo. "Lukresia, ile zabuni ikiondoka, mimi nina stuli mbili tu za kuuza, na moja inayumba."

"Miezi mitano imebaki kwenye mtihani. Shule gani itampokea akiwa na barua yenye neno ushirikina?"

"Mimi nasema tu jinsi mambo yalivyo."

"Hata mimi najua yalivyo."

Jiko lilikuwa linawaka. Lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kigoda. Lukresia aliinuka, akaenda mpaka jikoni, akainua kifuniko cha sufuria, akaangalia mboga ya likolo imefikia wapi, akafunika. Karatasi ilikuwa bado mkononi. Akarudi nayo, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani ili inyooke.

"Nipigieni pasi gauni la Pasaka," alisema.

*

Alhamisi saa tatu walikuwa watano ofisini kwa mkuu wa shule. Mwalimu Pankrasi nyuma ya meza. Kulia kwake mwalimu wa nidhamu, Tadei, na jalada. Kushoto Mwalimu Beda na kile kitabu, kimefungwa kwa kamba ya katani kama mfungwa. Lukresia alipewa kiti. Shakila alisimama.

Tadei alisoma mashtaka. Alisoma vizuri, akatua kwenye nukta zote. Alipomaliza alionyesha barua ya bibi, akiishika kwa ncha za vidole.

"Mlezi una la kusema?" aliuliza mkuu.

"Kwanza, neno hilo umelisema vizuri kuliko mlivyoliandika," alisema Lukresia. "Pili, hii hapa."

Akaweka ukurasa wa mia moja tisini na saba mezani. Ulikuwa umenyooka, na katikati una doa la mafuta linalopitisha mwanga. Wote watatu waliinama.

"Umeupata wapi?" aliuliza Tadei.

"Kapuni kwangu."

"Unaona, Mkuu. Aliuficha kwenye kapu la mlezi wake."

"Hakuuficha. Niliutia mimi. Nyingine zote pia. Jumapili mtoto aliziacha juu ya boksi langu la karatasi, nikamtuma maji, nikazikunja, nikazifungia karanga, nikawauzia. Kosa ni langu. Sikusoma kabla ya kukunja."

Lukresia alingoja waseme lolote ambalo watu husema kwa mtu aliyefungia karanga kitabu cha shule. Alikuwa amejiandaa kwa hasira na kwa kicheko. Hakuwa amejiandaa kwa alichokifanya Mwalimu Beda: alivua miwani, akaipangusa, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mama Rose," alisema, "unafanya jambo kubwa sana. Mkuu, ninyi hamjasoma kitabu hiki. Kuna mama mle, sura ya kumi, anasimama mbele ya watu anajitwika kosa lisilo lake ili kumwokoa mgeni. Ni vile vile. Sikutegemea kumwona mtu wa namna hiyo kwa macho yangu, hapa Songea."

"Mwalimu, mimi sijitwiki kosa la mtu. Nakwambia kurasa nimezikunja mimi."

"Ndivyo alivyosema hata yule mama."

"Tunakuheshimu," alisema mkuu wa shule, kwa sauti ya kumwinua mtu aliyepiga magoti. "Wewe ni mama wa jumuiya. Una diploma. Mtu mwenye diploma hachani kitabu. Huruma yako tumeiona na Mungu ameiona, lakini utaratibu ni utaratibu."

"Sina huruma. Muulize mume wangu."

Tadei akatabasamu kwa adabu. Alikuwa ameshafungua kalamu ili aandike uamuzi. Lukresia akageuka akamtazama Shakila. Msichana alikuwa ameangalia ukutani, kwenye kalenda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyewahi kuisoma hadithi hii na anajua bado kurasa ngapi.

Basi Lukresia akainuka. Akaizunguka meza, na gauni lake la Pasaka, akapiga goti moja kando ya magoti ya mkuu wa shule.

"Mama Rose, usinipigie magoti."

"Sikupigii. Sogeza mguu."

Akaitoa ndoo ya takataka.

"Ndoo hii inamwagwa lini?"

"Ijumaa," alisema mkuu, bila kujua kwa nini anajibu.

"Karanga unazokula hapa, anauza nani?"

"Si ni wewe?"

"Kuna mwingine anayeuza shule hii?"

"Hayupo. Zabuni ni yako."

Lukresia aliimimina ndoo mezani. Yakatoka maganda ya machungwa, vipande vya chaki, kaboni zilizokwisha, na pembe sita za karatasi, tupu, zimebonyezwa. Alizipanga mstari mmoja.

"Wauza karanga wote wa Songea wanasokota mkia wanaacha. Mimi nausokota nauingiza ndani mara mbili, chumvi isivuje. Angalieni wenyewe."

Waliangalia. Kila mkia ulikuwa umeingia ndani mara mbili.

"Mwalimu wa nidhamu, fungua. Nisije nikasemwa nimeziandika njiani."

Tadei alifungua ya kwanza. Ilikuwa fomu ya mbolea. Akapumua. Alifungua ya pili. Mia moja themanini na tisa. Ya tatu, mia mbili na moja. Ya nne ilikuwa muhtasari wa kikao cha kamati ya maji. Ya tano, mia moja themanini na tatu, ambapo mtu alikuwa amepigia mstari neno "justice" kwa wino mwekundu, na huo ulikuwa mwandiko wa Mwalimu Beda mwenyewe. Beda aliupokea ukurasa huo kwa mikono miwili. Kwenye kona yake kulikuwa na ganda la karanga.

Hakuna aliyefungua ya sita; hata kwa nje ilionekana ni fomu ya pembejeo.

"Inawezekana," alianza Tadei, "huyu mtoto alizitia kwenye boksi makusudi, ili zile—"

"Ili zile ziliwe na nani?" alisema Lukresia. "Kama ni hirizi, basi Mkuu amekula hirizi siku tatu mfululizo. Na cheo mbona ni kile kile?"

Mwalimu Beda alikohoa. Mkuu wa shule aliangalia makaratasi, akaangalia ndoo, akaangalia dirisha alilozoea kusimama. Alikuwa mtu anayejua jambo likishaisha.

"Kikao kimeridhika kwamba mwanafunzi hana kosa," alisema. "Andika, Tadei. Anarudi darasani kesho."

"Leo," alisema Lukresia.

"Leo. Na andika kwamba kwa sababu za usafi, na utunzaji wa mali ya shule, zabuni ya chai itatangazwa upya mwisho wa mwezi. Mama huyu hatahusika. Mama Rose, utanielewa. Siwezi kununua chakula kwa mtu anayefungia chakula vitabu vyangu."

"Nimekuelewa."

Alikuwa amemwelewa tangu Jumatano, hatua tatu kutoka kwenye jiko la nyumbani. Hata hivyo, lilipotamkwa, alikivuta kiti chake. Akakaa.

Mwalimu Beda alikuwa anazihesabu kurasa kwa kidole. Uso wake ulibadilika.

"Zimepatikana nne. Karatasi nane zimekwenda," alisema. "Zile za kuachiwa huru zote hazipo. Na mtihani utauliza. Miaka yote wanauliza mwisho." Akamgeukia Shakila. "Binti, wewe ulisoma mpaka mwisho?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi nilisoma nikiwa chuoni, mwaka wa sabini na sita. Nakumbuka anaachiwa. Lakini jinsi gani hasa, anasema nini... Utatusimulia? Utaliandikia darasa?"

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu wa upande ule wa meza kumwuliza Shakila kitu. Alimwangalia Mwalimu Beda kwa muda, bila chuki, kama mtu anayepima nguo.

"Kwanza naomba barua ya bibi," alisema.

Tadei aliitafuta kwenye jalada alikokuwa ameirudisha. Ilikuwa imeshatobolewa matundu mawili na kuandikwa "Kielelezo A" kwa kalamu. Akampa mkuu, mkuu akampa Shakila, imepinduliwa juu chini. Shakila aliigeuza, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa sketi. Hapo ndipo aliposema, "Naweza, Mwalimu. Ila leo nirudi nyumbani kwanza na Mama, ana vyombo vya kubeba."

*

Njiani Lukresia alibeba birika kubwa, Shakila akabeba beseni lenye vikombe. Watu waliwasalimia. Wengine waliangalia mfuko wa sketi ya Shakila, kwa maana habari hukimbia, lakini ya kusafishwa hukimbia polepole kuliko ya kuchafuliwa.

"Kinaishaje?" aliuliza Lukresia.

"Nini, Mama?"

"Kitabu. Nimekifungia karanga, nimefukuzwa kwa ajili yake, sijui kinaishaje."

"Wanagundua kisima kilikuwa kizuri. Ni chumvi ya ardhi tu, ingeondoka. Wanamwachia. Mzee wa kijiji anamwomba msamaha mbele ya watu, anamwomba amalizie kuchimba. Anatoa hotuba ndefu sana."

"Naye anajibuje?"

"Anadai kamba yake. Wanampa. Anaondoka."

"Basi?"

"Basi. Ukurasa wa mia mbili na nne."

Walitembea hatua kadhaa.

"Na kisima?"

"Kitabu hakisemi."

"Watu walikunywa nini?"

"Hakisemi, Mama."

"Mjinga," alisema Lukresia. "Angemaliza kisima, akawatoza, ndipo aondoke na kamba."

Shakila alicheka, beseni likalia vikombe. Hakuwa amecheka tangu Jumatatu.

Jioni, Egidi alisimuliwa. Alichukua ile stuli inayoyumba, akaifupisha miguu mitatu, akaipima, akaufupisha wa nne. Rosemary naye aliingia chumbani, akatoka na soksi, amezifua. Akamwekea Shakila magotini. Zilikuwa zimetanuka.

Shakila alikuwa anamjibu bibi. Aliandika barazani, kutoka kulia, upesi kuliko alivyoandika Kiingereza. Lukresia alikunja karatasi zake, maana karanga angeziuza barabarani, na kila karatasi sasa aliisoma pande zote mbili kabla ya kukunja. Kazi ilienda polepole sana.

"Umemwandikia nini?"

"Salamu. Soksi zimetosha. Nipo shuleni."

"Kikao?"

"Hapana."

"Vizuri. Na jina langu lipo?"

"Nimesema Mama Lukresia anakusalimu."

"Linaandikwaje?"

Shakila alichukua kipande cha karatasi, akaliandika peke yake, akampa. Lukresia alikishika mbali kidogo na macho, kama alivyoshika barua za wakubwa akitafuta kosa. Alikisoma sana. Kisha akakipindua ajaribu upande mwingine.

Shakila alikigeuza tena mkononi mwake, taratibu.

"Alaa," alisema Lukresia.

Akainuka, akaingia ndani, akakiweka juu ya kabati, mbali na boksi.